Goti linalouma nalo linataka kazi

Mtu akianza kulalamika goti, majirani humpa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni apumzike: sokoni atume mtoto, ngazi asipande, maji ya kuoga aletewe. Wa pili ni ale bamia. Ute umekwisha magotini, wanamwambia, na bamia ina ute, basi ailoweke usiku, asubuhi anywe maji yake. Akichoshwa na bamia, kuna supu ya makongoro. Yote hayo hutoka moyoni. Bamia haina ubaya, nitairudia baadaye. Ni ule ushauri wa kupumzika unaonitia wasiwasi, kwa sababu nimeona mara nyingi mno unavyomtoa mama mwenye nguvu zake uani na kumweka kwenye kochi, akawa mtu wa kusaidiwa kabla ya umri wake.

Ninayemzungumzia hapa hasa ni mwenye osteoathraitisi, maradhi ambayo mitaani tunasema viungo vimesagika. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 duniani walikuwa wakiishi nayo, milioni 365 kati yao yakiwa magotini. Asilimia 60 ya wagonjwa ni wanawake, na karibu robo tatu wamevuka miaka 55. Anayetaka kuziona namba hizo kwa macho aende msikitini aangalie viti vya plastiki vilivyopangwa pembeni mwa safu, au kanisani waumini wanapotakiwa kupiga magoti, ahesabu wangapi wanabaki wameketi.

Vichwani mwa wengi goti ni kama tairi: kila kilomita inakula mpira uliobaki, kwa hiyo mwenye akili atatembea kidogo ili lidumu. Sivyo goti linavyofanya kazi. Gegedu, lile tabaka gumu linaloteleza na kufunika ncha za mifupa, ni kitu hai, tena halina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute unaolizunguka, na ute huo huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea, anapoketi na kusimama, anapokunja mguu na kuunyoosha. Goti lililolazwa muda mrefu linakosa mlo wake. Halafu kuna msuli mkubwa wa mbele ya paja, ambao hupokea sehemu kubwa ya mshindo wa kila hatua. Usipotumika hunywea haraka, hasa kwa aliyevuka miaka hamsini, na mshindo ule ule sasa unaliangukia goti. Maumivu yanapanda, mgonjwa anazidi kukaa, msuli unazidi kunywea, na uzito wa mwili unaongezeka juu ya yote hayo. Hivyo ndivyo kochi linavyomshinda mtu ambaye goti peke yake lisingemshinda.

Mwaka 2017 jarida moja la wataalamu wa fiziotherapia nchini Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu wakimbiaji. Miongoni mwa wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 3.5 walikuwa na osteoathraitisi ya goti au nyonga. Miongoni mwa wasiokimbia, asilimia 10.2. Waliozidi wote walikuwa wakimbiaji wa mashindano, asilimia 13.3. Uchambuzi wa aina hiyo hauthibitishi kwamba mbio ni kinga, maana mwenye goti bovu huenda aliacha kukimbia zamani, lakini unatosha kuondoa ile hofu kwamba kila hatua inatafuna mfupa.

Basi swali ni kipimo, na hapa wataalamu wa fiziotherapia wana kanuni ambayo ningependa kila mwenye goti bovu aijue kabla hajajua jina la dawa yoyote. Yapime maumivu yako kutoka sifuri hadi kumi, sifuri ikiwa huna kitu na kumi ikiwa ndiyo maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Wakati wa mazoezi, yakibaki kati ya sifuri na mbili, endelea bila wasiwasi. Yakifika tatu hadi tano, bado inakubalika. Yakipita tano, umezidisha: punguza muda, au uzito, au kina cha kukunja goti. Kisha subiri kesho yake. Ikiwa ndani ya saa 24 goti limerudi katika hali yake ya kawaida, dozi ilikuwa sawa. Ikiwa limeamka limevimba na kukakamaa kuliko jana, dozi ilikuwa kubwa, na jibu ni kupunguza, wala si kuacha.

Kanuni hii inabadilisha mambo mengi, kwa sababu mgonjwa wetu wa kawaida hana kati. Au hafanyi kitu, au siku moja anaamka na hasira na kukimbia kutoka Mwenge hadi Coco Beach. Na wanaoumia zaidi ni wale waliowahi kuwa wepesi. Aliyecheza netiboli kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, au aliyekuwa beki wa timu ya mtaa, ana mwili mmoja anaoukumbuka na mwingine anaoamka nao, na anapoamua kurudi mazoezini humtuma yule wa kwanza. Januari ndiyo hatari zaidi. Zanzibar wana desturi nzuri ya kuufungua mwaka kwa mazoezi ya viungo ya pamoja, Bara vikundi vya jogingi hujaa nyuso mpya, na watu wanakuja na raba zilizonunuliwa jana. Wiki ya tatu magoti yanaanza kusema, na mwenye goti anahitimisha kwamba mazoezi hayamfai. Mazoezi yanamfaa. Aliyaanzia juu mno.

Pa kuanzia ni kwenye kiti cha kulia chakula. Keti kwenye kiti kisichobonyea, miguu imepanuka kadiri ya mabega, mikono umeikunja kifuani. Simama, kisha keti taratibu, bila kujiangusha, kwa sababu huko kuketi polepole ndiko kunakoujenga msuli wa paja. Anayeona ni kugumu aweke mto juu ya kiti. Kiti kikiwa kirefu goti linapumua, na wiki zikipita mto unaondolewa. Mara nane hadi kumi na mbili, apumzike, arudie. Akimaliza, aketi hapo hapo, aunyooshe mguu mmoja mbele, aubane msuli na kuhesabu hadi tano, aushushe. Kisha alale ubavu na kuinua mguu wa juu, maana nyonga dhaifu humtesa mwenye goti bovu bila yeye kujua. Anayeyamudu hayo kwa wiki kadhaa aende barazani: akanyage ngazi ya chini kabisa kwa mguu mmoja, apande, ashuke taratibu, akishika nguzo. Siku mbili au tatu kwa wiki, siku ya katikati akiiacha misuli ipumzike. Yote haya hayahitaji jimu, na mwanamke asiyependa kutazamwa barabarani anaweza kuyafanya chumbani kwake akiwa na kanga kiunoni.

Kutembea kunakuja pembeni ya hayo. WHO inapendekeza kwa mtu mzima walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na namba hiyo imewakatisha tamaa wengi ambao dakika tano tu zinawatoa jasho. Anza na kumi. Ukimaliza wiki bila goti kulalamika kesho yake, ongeza mbili au tatu. Tembea asubuhi kabla ya jua kali, kwenye ardhi tambarare. Mchanga laini unachosha kifundo cha mguu na goti, ule uliolowa na kushikamana karibu na maji ni bora. Raba za mtumba hazina aibu yoyote, ila zigeuze uangalie soli: iliyolika upande mmoja itaulaza mguu wako upande huo huo.

Na fimbo. Watu wanaiona fimbo kuwa tangazo la uzee, nao wangeipenda kama wangejua inavyofanya kazi. Shida ni kwamba wengi wanaishika vibaya. Fimbo hushikwa kwa mkono wa upande usiouma, ikatangulia pamoja na mguu unaouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto. Ukiishika hivyo, sehemu ya uzito inatoka kwenye goti bovu kwa kila hatua, na mtu aliyekuwa akiweza kufika dukani tu anafika sokoni.

Sisi wa pwani tuna bahati nyingine tunayoiacha bure. Mtu akisimama ndani ya maji yanayomfika kiunoni, mwili wake unabebwa karibu nusu. Yakifika kifuani, miguu inabeba takribani theluthi tu ya uzito. Mama wa kilo 95 ambaye nchi kavu hawezi robo saa anaweza kutembea baharini nusu saa, akienda na kurudi sambamba na ufuko maji yakiwa yametulia, na maji yenyewe yakimsukuma yakamjengea misuli. Si lazima ajue kuogelea, ila asiende peke yake, na ajue saa za kujaa na kupwa. Raskazone pale Tanga, Nyali kule Mombasa, fukwe za Dar na Unguja, zote zipo. Baiskeli nayo ni rafiki wa goti, mradi kiti kiinuliwe mpaka mguu unyooke karibu wote pedali ikiwa chini. Waendesha baiskeli wetu wengi hukaa chini mno na kulikunja goti kupita kiasi.

Sasa chakula, na hapa nataka kwenda polepole, kwa sababu ndipo penye maneno makali na msaada mdogo. Mgonjwa huambiwa kliniki, "Mama, punguza uzito," kisha anatolewa nje. Haambiwi kiasi gani wala kwa nini. Stephen Messier wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, amelisoma suala hili kwa miaka mingi. Mwaka 2005 yeye na wenzake walionyesha kwamba kwa kila kilo moja mtu anayopunguza, mzigo unaolielemea goti kwa kila hatua unapungua kilo nne. Kilo tano ni ishirini zinazoondoka gotini, hatua baada ya hatua, kutwa. Mwaka 2013 wakachapisha utafiti mwingine wa watu wazima 454 wenye uzito mkubwa na magoti mabovu, waliofuatiliwa kwa miezi 18. Kundi lililobadilisha chakula na kufanya mazoezi kwa pamoja lilipungua wastani wa kilo 10.6, na maumivu yao yakashuka kwa karibu nusu. Waliofanya mazoezi peke yake walipungua kilo 1.8 tu, na nafuu yao ilikuwa ndogo zaidi. Uzito wenyewe si mzigo tu. Mafuta ya mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na hii ni sababu moja inayofanya watu wanene waumwe pia viungo vya vidole vya mikono, ambavyo havibebi mwili.

Lakini kukonda kwetu kuna gharama ambayo watafiti wa Wake Forest hawakuipima. Mwanamke wa hapa akipungua kilo sita, hakuna anayempongeza. "Shoga, unaumwa?" "Mwanangu, huko kwako mnakula?" Wapo wanaonyamaza, na kunyamaza kwao kunasema zaidi, maana miaka ile UKIMWI ulipokuwa hauna dawa, kukonda ndiko kulikotangaza msiba kabla ya msiba. Waliozika ndugu zao enzi hizo ndio leo wana miaka hamsini na sitini, ndio wenye magoti yanayouma. Siwalaumu hata kidogo wakiogopa shavu kubonyea. Ninachoomba ni kwamba daktari anayemwambia mama apungue alijue hilo, na watu wa nyumbani walijue: mume, mabinti, wifi. Mtu wa kwanza kumwambia "umependeza" huenda akawa na manufaa kuliko kopo zima la vidonge.

Jikoni hakuna haja ya kununua vyakula vya kigeni. Sahani ndiyo ibadilike mpangilio: mlima wa ugali upungue hadi robo ya sahani, robo nyingine iwe maharage, choroko, dagaa au samaki, na nusu iliyobaki iwe mchicha, matembele, kisamvu, mlenda na matunda. Dona badala ya sembe, kwa sababu makapi yake yanashibisha. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina takribani kalori 120, na aliyezoea kumimina kutoka kwenye dumu hajui amemimina vingapi. Soda moja ya kawaida ina vijiko vya chai vinane hadi tisa vya sukari, na mtu anayekunywa moja kila mchana anaweza kuanzia hapo tu bila kugusa kitu kingine. Chai ya asubuhi yenye vijiko vinne na maandazi matatu ni ya pili. Pilau ya harusi ya Jumamosi muacheni mtu aile. Hailiui goti pilau ya siku moja. Jumatatu hadi Ijumaa ndizo zenye hesabu.

Bamia, nilivyoahidi. Ni mboga nzuri, ina nyuzinyuzi, inashibisha kwa kalori chache, na mwenye kuila badala ya chipsi amefanya la maana. Lakini ute wake ni aina ya wanga unaoishia tumboni. Hauna njia ya kufika gotini. Supu ya makongoro nayo ina protini pamoja na mafuta mengi, na mwili huivunja protini hiyo kama unavyoivunja ya maharage. Vidonge vya glukosamini na kondroitini vinauzwa bei ya juu, na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583, haukuona kwamba kwa ujumla vinashinda vidonge vya bandia. Fedha hiyo inunue raba na samaki.

Dawa za maumivu zina nafasi yake, hasa zikimsaidia mtu kuanza kutembea. Jeli ya kupaka yenye diklofenaki ni pa kuanzia pazuri kwa goti. Vidonge vya diklofenaki na ibuprofeni, vinavyouzwa dukani kama peremende, huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na kupandisha shinikizo la damu, na wengi wa wagonjwa wetu wa magoti tayari wana shinikizo la damu. Kuvimeza mfululizo kwa miezi bila daktari ni hatari, na anayefunga Ramadhani akavimeza daku bila kula vya kutosha anajiongezea. Kinachonitisha zaidi ni zile dawa za "asili" zinazomsimamisha mgonjwa kwa siku mbili. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya mara kadhaa kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ndani, bila lebo kusema. Deksamethasoni ni steroidi. Humpa mtu nafuu ya ajabu, kisha sukari inapanda, mifupa inadhoofika, uso unavimba, na akiacha ghafla anaweza kuzimia. Dawa inayomaliza maumivu ya miaka kumi ndani ya usiku mmoja ni ya kutiliwa shaka.

Si kila goti ni la mazoezi, na hili lazima lisemwe wazi. Goti lililovimba ghafla, likawa la moto, na mwenyewe ana homa, ni la hospitali siku hiyo hiyo. Vilevile aliyeanguka akashindwa kuukanyagia mguu. Anayeamka na vidole na viganja vimekakamaa zaidi ya saa nzima, pande zote mbili, huenda ana baridi yabisi ya aina nyingine, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, na hiyo ina dawa zake zinazotakiwa kuanza mapema. Maumivu makali ya usiku kwenye kidole gumba cha mguu baada ya nyama choma na bia ni dalili za gauti. Na kiungo kimoja kinachovimba taratibu kwa miezi huku mtu anakonda bila kutaka kinahitaji kupimwa, kifua kikuu kikiwamo katika mambo ya kuchunguzwa.

Kwa walio wengi waliobaki, tunachokosa ni mtu wa kuwashika mkono wiki za mwanzo. Denmark walianzisha mwaka 2013 programu inayoitwa GLA:D, kazi ya Ewa Roos na Søren Skou: masomo mawili ya kuuelewa ugonjwa, kisha vipindi 12 vya mazoezi vinavyosimamiwa, ndani ya wiki sita. Imeenea nchi nyingi. Ukiangalia vifaa vyake, ni viti, mikeka, ngazi ndogo na mipira ya kuvuta. Zahanati gani nchini haina uwanja wa kuweka viti kumi chini ya mwembe? Wataalamu wa fiziotherapia wanafunzwa KCMC, Moshi, wapo Muhimbili, na wapo katika hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Wengi wao wanawaona wagonjwa mmoja mmoja, kila mmoja kwa dakika chache, ilhali wangeweza kuwakusanya kumi na kuwafundisha pamoja, kisha wakamfundisha na kiongozi mmoja wa kikundi cha jogingi cha kata ile. Vikundi hivyo vina fulana, vina filimbi, vina nidhamu ya kuamka saa kumi na moja alfajiri. Tangu Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alipozindua mazoezi ya kitaifa ya Jumamosi ya pili ya kila mwezi, watu wamezoea kuona umma ukinyoosha viungo barabarani. Vinachokosa vikundi hivyo ni safu ya nyuma, yenye viti, kwa ajili ya wale wasioweza kukimbia, ikiwa na mtu anayejua kuuliza: kuanzia sifuri hadi kumi, leo ni ngapi, na jana lililala vipi?